Mgodi Ukiwa Jirani, Kisima Kipimwe Nini?

Fomu ya maabara ya maji huwa ndefu kuliko mfuko wa kamati ya maji ya kijiji. Upande mmoja kuna majina: floraidi, aseniki, risasi, kadimiamu, zebaki, sianidi, nitrati, salfeti, manganizi, chuma na mengine mengi. Upande wa pili kuna bei ya kila kipimo. Mweka hazina akishaondoa nauli ya kufikisha chupa Eldoret au Kisumu, hubaki na fedha za kutia alama kwenye visanduku vichache tu. Hapo ndipo uamuzi mkubwa kuhusu afya ya kijiji hufanywa, mara nyingi kwa dakika chache, na bila mtu wa kuuliza. Kisanduku kisichotiwa alama hakileti jibu. Karatasi ikirudi imeandikwa kwamba kila kilichopimwa kiko sawa, watu huisoma kana kwamba imesema maji ni salama.

Swali la nini kipimwe linaihusu Turbo kuliko wengi wanavyodhani. Mji huu ulio kando ya barabara kuu ya Eldoret kwenda Malaba haujulikani kwa migodi. Unajulikana kwa mahindi, kwa msitu wake wa miti ya kupandwa, na kwa malori yanayoelekea Uganda. Lakini tazama ramani. Mashariki, ng'ambo ya ukingo wa Elgeyo, kuna Kimwarer katika Bonde la Kerio, ambako madini ya fluospa yalianza kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kusini, katika Chemase ya Kaunti ya Nandi, dhahabu inachimbwa. Kusini-magharibi kuna Kakamega, ambako mbio za dhahabu zilianza mwaka 1931 na mgodi wa Rosterman ukafanya kazi hadi 1952. Leo utafiti wa dhahabu huko Ikolomani umerudisha mazungumzo ya mgodi mkubwa. Na hapa penyewe Uasin Gishu, mawe ya kujengea na ya barabara hulipuliwa na kukatwa kwenye machimbo.

Simwambii mtu wa Turbo kwamba kisima chake kimeharibiwa na Kimwarer. Haiwezekani: maji ya huku huingia Sosiani na Kipkaren, yakaenda Nzoia na hatimaye Ziwa Victoria, ilhali Mto Kimwarer humwaga maji yake Kerio, na Kerio huenda zake Ziwa Turkana. Ninachosema ni kwamba watu wa Turbo wana ndugu, wakwe na mashamba pande zote hizo, na kwa bei ya dhahabu ilivyopanda, hakuna lokesheni katika ukanda huu wa magharibi inayoweza kuapa kwamba mgodi hautabisha hodi. Ukishabisha, muda wa kujiuliza nini kipimwe utakuwa umekwisha nusu.

Orodha ya vipimo haipaswi kutoka kwenye fomu, wala kwenye hofu iliyoenea redioni. Inapaswa kutoka kwa mwamba wenyewe, kwa kazi inayofanywa mgodini, na kwa njia ambayo maji hupita chini ya ardhi. Kijiji kikijua mambo hayo matatu, visanduku vichache vinaweza kutosha. Kisipoyajua, hata fomu nzima ikijazwa bado inaweza kukosa sumu yenyewe.

Bangladesh ndiko dunia ilikolipa gharama kubwa zaidi kwa jambo hili. Kuanzia miaka ya 1970, mamilioni ya visima vya bomba vilichimbwa nchini humo, UNICEF ikiwa miongoni mwa waliosaidia, ili watu waache maji ya vidimbwi na mito yaliyokuwa yakiwaua watoto kwa kuhara. Nia ilikuwa njema na vifo vile vilikuwa vya kweli. Mwaka 1992 taasisi ya jiolojia ya Uingereza ilipima kemikali kadhaa katika maji ya visima vya huko na kuandika ripoti. Aseniki haikuwamo kwenye orodha. Mwaka uliofuata aseniki ikagunduliwa katika visima vya nchi hiyo, na kadiri upimaji ulivyoenea ndivyo ilivyobainika kwamba makumi ya mamilioni ya watu walikuwa wakiinywa kila siku, miaka nenda miaka rudi. Mwanakijiji mmoja aliyeugua alifungua kesi Uingereza dhidi ya baraza lililosimamia taasisi ile. Kesi ilipanda hadi kwa majaji wa Bunge la Malodi, ambao wakati huo walikuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, na mwaka 2006 ikatupwa: waliopima hawakuwa na wajibu wa kisheria kwake kuhusu kile ambacho hawakukipima. Sibishani na majaji wale. Lakini mtu yeyote anayekinga mtungi wake karibu na mgodi anapaswa kuijua hukumu hiyo, kwa sababu inaonyesha kwamba kisanduku kilichoachwa wazi kinaweza kukosa mwenyewe kabisa.

Mfano wa pili uko Afrika. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, watoto walianza kufa kwa degedege katika vijiji vya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Anayesikia dhahabu na wachimbaji wadogo hufikiria zebaki moja kwa moja. Kilichowaua watoto wale kilikuwa risasi. Mwamba wa dhahabu wa eneo lile ulikuwa umesheheni madini ya risasi, na ulisagwa ndani ya vijiji, hata nyuani pa nyumba, vumbi lake likatua kwenye udongo ambao watoto walitambaa juu yake na kwenye maji waliyokunywa. Zaidi ya watoto 400 walipoteza maisha. Dhahabu ya Zamfara haikufuatana na wenzi wale wale wa dhahabu ya kwingine, na hakuna aliyeuliza mapema mwamba ule umebeba nini kingine.

Kwa hiyo tuanze na mwamba, na tuanze na ule ulio karibu.

Fluospa ya Kimwarer ni kalsiamu iliyoungana na florini. Viwanda huitaka kwa kutengenezea asidi ya haidrofloriki na katika kuyeyusha alumini na chuma. Mtu akiambiwa achague kipimo kimoja cha maji ya Kimwarer, atasema floraidi, na atakuwa sahihi. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Juu ya hapo meno ya mtoto, yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Kiwango kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo hukakamaa. Kuchemsha maji hakusaidii. Mvuke huondoka, floraidi hubaki, na kilichobaki sufuriani huwa kikali zaidi. Dawa ya klorini ya kutibu maji nayo haiigusi.

Lakini floraidi peke yake haitoshi, na hapa ndipo kemia inapostahili kuelezwa polepole. Fluospa haiyeyuki ovyo. Ukiitia katika maji matupu itatoa takriban miligramu 8 za floraidi kwa lita, kisha itaishia hapo. Maji ya ardhini hayako matupu. Yakiwa na kalsiamu nyingi, kalsiamu hiyo huizuia floraidi isiyeyuke zaidi. Yakiwa na sodiamu na bikaboneti nyingi na kalsiamu kidogo, yale ambayo sabuni hutoa povu jingi kwa haraka, mlango hufunguka na floraidi hupanda. Ndiyo maana anayepima floraidi bila kupima kalsiamu, sodiamu na bikaboneti anapata namba asiyoweza kuifasiri. Hawezi kusema kama kesho itapanda au itatulia, wala imetoka wapi.

Na suala la imetoka wapi ni zito sana katika nchi yetu, kwa sababu Bonde la Ufa lina floraidi yake ya asili. Meno ya kahawia yako Nakuru na Naivasha, ambako hakuna mgodi wa fluospa. Uwanda wa Uasin Gishu wenyewe umefunikwa na fonolaiti, lava ya kale iliyojaa sodiamu, na miamba ya aina hiyo inaweza kuyapa maji floraidi bila mtu kushika sururu. Kuelekea magharibi lava hiyo hukoma, na miamba ya msingi iliyo mikongwe zaidi hujitokeza. Kisima kirefu kilichopita katika lava na kisima cha kamba kilichochimbwa kwenye udongo wa juu vinaweza kuwa katika boma moja vikatoa maji yenye tabia mbili tofauti. Anayepima kimoja hajapima kingine.

Mgodi wa Kimwarer ulipoanza, Kenya haikuwa na sheria ya kulazimisha tathmini ya athari za mazingira. Sheria hiyo ilikuja mwaka 1999, mgodi ukiwa na umri wa karibu miaka thelathini. Madhara yake ni makubwa kuliko yanavyosikika. Mkazi wa Kimwarer akilalamika leo kwamba maji yake yana floraidi, ataulizwa yalikuwa na kiasi gani kabla ya mgodi. Bila karatasi ya zamani hana jibu, na mwenye mgodi naye hana jibu la kujitetea. Hubaki ubishi. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba kipimo chenye thamani kuliko vyote ni kile kinachochukuliwa wakati hakuna anayeona haja ya kupima.

Dhahabu ni kesi nyingine kabisa. Yenyewe haimdhuru mnywaji. Shida ni wenzake. Miamba ya kale ya ukanda wa Kakamega, Siaya na Migori ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mara nyingi dhahabu katika miamba ya namna hiyo hukaa pamoja na madini ya salfa: mengine ya chuma na salfa, mengine yenye aseniki ndani yake. Yakiwa chini, mbali na hewa, hayana neno. Yakitolewa juu, yakasagwa, yakanyeshewa, hewa na maji huyageuza kuwa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo huchukua metali nyingine inazozikuta njiani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu ukanda wa dhahabu wa Migori ulikuta zebaki, risasi na aseniki kwa viwango vya juu katika mashapo ya vijito na katika mabaki ya uchimbaji. Ng'ambo ya mpaka, mwaka 2009, maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara kuelekea Mto Tigithe, na malalamiko ya wanavijiji yakafika hadi bungeni Dodoma.

Aseniki basi ndiyo ninayoiweka juu kabisa katika orodha ya kisima chochote kilicho karibu na mgodi wa dhahabu huku kwetu. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, kiasi kidogo mno. Ngozi huanza kubadilika baada ya miaka, saratani huja baada ya mingi zaidi, na wakati huo hakuna anayekumbuka kisima.

Zebaki ndiyo inayotajwa sana, na haki yake itajwe, kwa maana vijana wa Kakamega, Migori na Lolgorian huishika kwa mikono mitupu na kuichoma ili ibaki dhahabu. Hata hivyo, kisima si mahali pa kwanza pa kuitafuta. Ikichomwa hupaa na kumwingia anayechoma na mtoto wake aliye karibu na jiko. Ikimwagika hukaa kwenye tope la mto, na huko vijidudu huigeuza kuwa aina inayopanda kutoka kwa wadudu hadi kwa samaki. Watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, hawakuupata kwa maji ya kunywa. Waliupata kwa kula samaki wa ghuba yao. Kama fedha zinatosha kipimo kimoja tu cha zebaki, mimi ningepima tope la kijito na samaki, na hewa ya mahali inapochomewa, kabla ya chupa ya maji ya kisima. Kupima kisimani, ukakuta hakuna, kisha ukawatangazia watu kwamba hakuna zebaki, ni kuwapa faraja ya uongo.

Sianidi nayo ina hila zake. Juani na hewani huvunjika upesi. Chini ya ardhi, gizani, huchukua muda mrefu zaidi. Mabaki yaliyokwisha kusafishwa kwa zebaki na wachimbaji wadogo siku hizi hununuliwa na wenye matangi ya sianidi, wakayasafisha upya ili kuondoa dhahabu iliyosalia. Hapo sianidi hukutana na zebaki na kushikana nayo, na zebaki ambayo ingebaki imekwama kwenye tope hupata mguu wa kutembea na maji. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeutaja mtindo huo miongoni mwa mambo mabaya zaidi ya kukomeshwa katika uchimbaji mdogo. Panapokuwa na matangi hayo, basi, zebaki inarudi kwenye orodha ya kisima, na sianidi lazima iwe pamoja nayo. Hiki ndicho ninachomaanisha kwa kuuliza kazi inayofanywa. Mwamba ni ule ule. Kazi ikibadilika, orodha hubadilika.

Kazi nyingine inayosahaulika ni baruti. Machimbo mengi ya mawe na migodi mingi hulipua mwamba kwa amoniamu nitrati iliyochanganywa na dizeli. Isiyoungua yote huacha nitrati na amonia, na mvua huzishusha. Hapa Turbo jambo hili lina mtego. Nitrati hiyo hiyo hutoka kwenye mbolea ya mahindi, na pia kwenye vyoo vya shimo. Mkulima hupanda mvua inapoanza Machi na Aprili, akarudi kutia mbolea ya CAN mahindi yakifika magotini, na kisima cha kamba kilicho chini ya shamba husikia habari hizo baadaye. Ukipima Agosti pekee utamlaumu mwenye machimbo kwa mbolea yako. Ukipima Februari pekee huenda usione kitu. Pima nyakati zote mbili, kiangazi na mvua, na pamoja na nitrati upime kloraidi na bakteria wa kinyesi. Nitrati ikipanda pamoja na kloraidi na bakteria, kuna choo karibu. Ikipanda pamoja na amonia baada ya milipuko, na hakuna shamba juu yake, mwenye machimbo ana maswali ya kujibu. Bakteria, nikiri wazi, ndio wanaoua watoto wengi zaidi vijijini mwetu. Orodha yoyote ya kisima iwe nao hata kama mgodi hauhusiki.

Vichafuzi hutembea na wenzao, na wenzao ndio wanaowataja. Eldoret ni mji wa nguzo za umeme: miti ya huku, ikiwemo ya mashamba yanayozunguka Turbo, hupelekwa kwenye viwanda vya kutibu nguzo kwa kreosoti au kwa chumvi za shaba, kromiamu na aseniki. Tuseme siku moja aseniki imeonekana katika kisima fulani. Ikiwa imekuja na kromiamu na shaba, mtazame jirani mwenye mbao na nguzo. Ikiwa imekuja na salfeti na chuma, tazama mwamba uliofukuliwa. Aliyepima aseniki peke yake atabaki na mzozo usio na mwisho.

Salfeti, ambayo kwa kiasi cha kawaida haimdhuru mtu, ndiyo ningeilipia kuliko metali nyingi kwenye mgodi wenye salfa. Metali hunasa kwenye udongo na kwenye kutu ya chuma, zikachelewa miaka. Salfeti hainaswi sana. Hutangulia, kama pikipiki ya askari inayofungua njia ya msafara. Ikipanda mwezi hadi mwezi katika kisima kilichoko chini ya bwawa la topesumu, yaani tope la mabaki ya mgodi, maji ya bwawa yameshafika, na kilicho nyuma yake kiko njiani. Pamoja nayo kuna vipimo visivyohitaji maabara: uchachu wa maji, joto lake, jinsi yanavyopitisha umeme, na kina cha maji kisimani. Vifaa vya mkononi vya kupima hayo hununuliwa mara moja, na mwalimu wa sayansi aliye na daftari anaweza kuvitumia kila Ijumaa. Daftari la miaka mitatu lenye namba hizo nne ni ushahidi wenye nguvu kuliko ripoti moja ya kifahari.

Wataalamu wanaofanya kazi hii vizuri huanza wakiwa wapana kisha hujibana. Mara ya kwanza hutumia mashine inayosoma metali nyingi kwa mpigo katika sampuli moja, kwa kila kisima muhimu. Kisha huchukua ripoti ya mwamba. Hapa wanavijiji wengi hawajui haki yao: kampuni inayotafuta dhahabu hutoboa mwamba na kupeleka vipande vyake maabara, vikasomwa kwa makumi ya elementi, ili ijue utajiri ulipo. Kampuni inajua mwamba wake una aseniki kiasi gani na una salfa kiasi gani kabla ya kijiji kuambiwa chochote. Namba hizo zikidaiwa mapema, orodha hujiandika. Baada ya hapo hubaki vipimo kumi au kumi na viwili vya kila robo mwaka, na ule upimaji mpana hurudiwa mara moja kwa mwaka, maana mgodi hushuka kina na mwamba hubadilika. Afrika Kusini dhahabu ya Witwatersrand huandamana na urani. Anayepima kwa mazoea ya Kakamega huko ataikosa.

Njia ya maji ndilo swali la mwisho, nalo hupuuzwa hata na wasomi. Kwenye udongo wa juu maji hufuata mteremko, lakini katika mwamba mgumu hufuata nyufa, na ufa hauangalii mpaka wa shamba. Kisima kimoja kiwe juu ya mgodi, kisichoguswa, kiwe shahidi wa hali ya asili. Vingine viwe chini yake na pembeni. Mgodi unapopiga pampu ili shimo likauke, maji ya jirani huvutwa kuelekea shimoni, na visima vinaweza kukauka kabla ya kuchafuka. Ndiyo maana kina cha maji ni kipimo sawa na aseniki. Pampu zikizimwa siku ya kufunga mgodi, shimo hujaa, na maji yaliyooga kwenye mwamba ulio wazi hutafuta njia ya kutoka. Huko huko Witwatersrand, magharibi ya Johannesburg, maji yenye asidi yalianza kububujika juu ya ardhi mwaka 2002 kutoka kwenye migodi iliyoachwa. Mgodi uliofungwa huhitaji kupimwa kwa miaka mingi kuliko mgodi unaofanya kazi, na ndio wakati ambao hakuna anayelipa.

Kuhusu chupa yenyewe nitasema machache, maana sampuli mbovu huharibu orodha nzuri. Maji ya metali huchujwa papo hapo na kutiwa asidi kidogo, la sivyo tope lililoingia chupani litahesabiwa kama sumu, au sumu itagandama kwenye kuta za chupa. Ya sianidi hutiwa magadi makali na kufichwa jua. Ya bakteria hukaa kwenye barafu na kufika maabara siku hiyo hiyo. Kisima kirefu hupigwa pampu kwanza hadi maji yaliyolala kwenye bomba yatoke. Na majibu yakirudi, soma mstari ambao wengi huuruka: kiwango cha chini ambacho mashine inaweza kuona. Maabara ikiandika kwamba aseniki ni chini ya miligramu 0.05 kwa lita, haijasema maji ni salama. Imesema ni chini ya mikrogramu 50, ilhali mpaka ni 10. Mashine ile ilikuwa haioni. Uliza swali hilo kabla ya kulipa.

Sheria tunazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Cha 43 kinataja maji safi na salama. Cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari. Ripoti ya tathmini ya mazingira ya mradi mkubwa hutangazwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na wananchi hupewa muda wa kutoa maoni. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo hutoa vibali vya kuchimba visima na kuchota maji. Kinachokosekana ni mtu kusimama barazani wakati ripoti inasomwa na kuuliza: kwa nini mmechagua kupima hivi na si vile? Mwamba wenu una nini? Kisima cha shahidi kiko wapi? Maswali hayo hayahitaji shahada. Afisa wa mgodi asiyeweza kuyajibu hajajiandaa kuchimba.

Kimwarer inatoa nafasi ambayo nchi haipati mara nyingi. Kampuni iliyokuwa ikichimba ilisimama mwaka 2016, kibali chake cha ardhi kikaisha 2018, na serikali imekuwa ikisema mgodi utafufuliwa. Miaka ya ukimya hairudishi vipimo vya kabla ya 1970, lakini inatoa mstari mpya wa kuanzia. Kabla ya mtambo kuwashwa tena, kila kisima na kila chemchemi kati ya mgodi na Mto Kerio, pamoja na vichache vilivyo juu ya mgodi, vipimwe floraidi, kalsiamu, sodiamu, bikaboneti, nitrati, kloraidi, salfeti, bakteria wa kinyesi na metali zote kwa mpigo mmoja, mara moja kiangazi na mara moja wakati wa mvua. Nakala za majibu ziwekwe kwa chifu, kwenye shule za msingi na kwa kamati za maji za huko huko, si Nairobi pekee. Ikolomani ifanyiwe hivyo hivyo, aseniki ikitangulia. Kiangazi kijacho kinafika Desemba, na hadi Februari maji ya visima yatakuwa yametulia vya kutosha kuanza.